Geji Zinazomtazama Abiria

Wateja wa kaka yangu humwita Fundi Bado, kwa sababu hilo ndilo jibu analompa kila anayechungulia mlangoni mwa gereji kuuliza kama gari lake limekwisha. Halisemi kwa ukali. Hulisema akiwa amelala chini ya gari la mtu mwingine, miguu tu ikionekana, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto, na wateja hurudi makwao wakiwa wametulia kuliko walivyokuja. Lakini lilikuwapo gari moja ambalo lilikuwa "bado" kwa miaka, nalo lilikuwa lake mwenyewe: gari dogo la kijivu, lenye milango miwili, ambalo aliliongezea nguvu kwa kulifungia tabo, yaani pampu ya kuisukumia injini hewa, kubwa kuliko ile lililotoka nayo kiwandani. Usukani wake hakumkabidhi mtu yeyote. Katika hao watu wowote alikuwamo mke wake.

Hapo ndipo mimi nilipoona dhuluma. Wifi yangu ni dereva wa basi la shule. Asubuhi na alasiri huwapitisha watoto wa watu katika mitaa ambamo hata mwenye baiskeli hushuka akaikokota, na sijasikia mzazi aliyekosa usingizi kwa sababu yake. Tena gari lile lilikuwa kazi ya mikono minne. Kaka alipolijaribu barabarani, wifi ndiye aliyeketi kando yake na kumsomea geji kwa sauti, ili macho ya dereva yasitoke njiani. Kwa ajili hiyo geji zote zilifungwa mahali palipokuwa na kisanduku cha dashibodi, zikageuzwa zimtazame abiria. Dereva, hata akijipinda shingo namna gani, haoni kitu isipokuwa mng'ao wa vioo. Wageni walipocheka, kaka aliwajibu kwamba injini iliyoongezwa nguvu huhitaji watu wawili, mmoja wa kuikimbiza na mwingine wa kuisikiliza. Jibu lilikuwa zuri. Nililoshindwa kuelewa ni kwa nini wa kukimbiza alikuwa yeye siku zote.

Nilikuwa nyumbani kwao kwa likizo ya chuo, mwanafunzi wa sheria, na nadhani nilikuwa nimekunywa mihadhara mingi kupita kiasi. Nikalileta shauri mezani wakati wa chakula.

"Kaka, ni kwa msingi gani mtu anayeaminiwa na watoto wa mji mzima haaminiwi na mume wake?"

"Eh! Nimemlipia mtu ada ili aje anishtaki mezani kwangu," kaka alimwambia mkewe. "Umemtuma wewe?"

"Ningemtuma mimi ungekuwa umeshahukumiwa," wifi alijibu. "Mwache, wifi yangu. Anaogopa nikishika usukani nitanogewa, nimwache huko huko njiani na miguu yake."

Kaka alicheka, kisha akaacha kucheka. Aliweka kijiko chini, akatusimulia habari ambayo wifi aliijua na mimi sikuijua. Gari la kwanza alilowahi kuliongezea nguvu lilikuwa la mteja kijana. Kijana yule alimwambia mara tatu kwamba ameelewa jinsi ya kuzichunga geji. Njiani akawa anaitazama geji ya presha ya tabo peke yake, kwa sababu ndiyo inayorukaruka na kupendeza. Geji ya joto la ekzosi ilipanda karibu yake kimya kimya, naye hakuitupia jicho. Pistoni ikayeyuka kama mshumaa.

"Mimi si kijana yule," wifi alisema.

"Najua. Kwenye geji hakuna anayekupita, hata mimi. Lakini ukishika usukani utamu unashuka miguuni, kichwa kinabaki kitupu. Nimejiona mwenyewe. Bila wewe pale kando ningekuwa nimeichoma injini hii zamani."

"Basi huo ndio ushahidi," nilisema, "kwamba tatizo ni la usukani, si la mtu aliyeushika."

Wifi aligonga meza kwa furaha. Kaka alitutazama kwa zamu, akajikuna kidevu, na kutoa sharti lake. Mwisho wa mwezi, chama cha wapenda magari kingeifunga barabara ya zamani ya mlimani kwa siku moja, na kila gari lingepanda peke yake kwa kasi linayoiweza. Wifi alikuwa akiitamani siku ile tangu gari likiwa bado juu ya mawe. Jumapili iliyokuwa inakuja, kaka alisema, wifi angelipandisha gari hilo mlimani kwa mara ya kwanza. Yeye angetangulia na pikapu na kutungoja kileleni.

"Ukinifikishia injini nzima, siku ya chama usukani ni wako. Ikifika inagonga, habari hii tusiizungumze tena humu ndani."

"Na nani atanisomea?"

Kaka alinielekezea kijiko. "Wakili."

Jioni zilizofuata nilijifunza. Wifi alirudi kutoka kazini, akapaki basi uani, akaniketisha kwenye kiti alichokikalia miaka yote ile, naye akasimama nje, ameegemea mlango. Zilikuwapo geji sita, na juu ya kioo cha kila moja kaka alikuwa amebandika kipande chembamba cha utepe mwekundu kuonyesha mpaka usiovukwa.

"Usianze na ya tabo," wifi alisema. "Hiyo ni mchezaji, inataka itazamwe. Anza na oili. Joto la oili likiwa chini ya themanini, mimi naendesha kama nimebeba watoto wa chekechea. Oili baridi ni nzito, haifiki inakotakiwa. Ikishapanda, tazama presha yake. Nikikanyaga mafuta lazima ipande. Nikikanyaga ikashuka, usiniambie 'wifi samahani'. Piga kelele."

"Nipige kelele gani?"

"Yoyote. Sema nyoka."

Iliyofuata ilikuwa ya maji ya rejeta, ambayo alisema ni mvivu: ikifika kulalamika, mambo yameshaharibika kitambo. Ya nne ilikuwa presha ya tabo yenyewe, yaani hewa inayosukumwa ndani ya injini. Mpaka wake ulikuwa kwenye moja nukta tatu. Kisha joto la ekzosi, lisilotakiwa kukaribia mia tisa. Na ya mwisho, joto la hewa inayoingia, ambayo wifi aliipenda kuliko zote bila kunipa sababu, ila kwamba "haijui kusema uongo".

Nilizikariri kama vifungu vya katiba. Nilijipima usiku, nikajipima asubuhi nikipiga mswaki.

Jambo moja zaidi la gereji ile lazima nilitaje hapa. Kaka alikuwa haiamini mikono yake peke yake. Kila klipu na kila nati aliyoikaza ilipitiwa na mkono wa pili, na mkono wa pili ulikuwa wa wifi. Alikuwa na bisibisi yake, na kichupa cha rangi nyeupe chenye kiburashi kwenye kifuniko. Akishaihakikisha klipu, aliitia doa jeupe. Ukifungua boneti ya gari lile uliona madoa meupe kila mahali, kama nyota. Jumamosi jioni kaka aliubadilisha mpira mmoja mkubwa, ule unaopeleka hewa kutoka kwenye kipoza hewa hadi kwenye injini, kwa sababu wa zamani ulikuwa umeanza kupasuka. Alifunga, akafuta mikono, akaenda kuoga. Wifi wakati huo alikuwa ndani ya gari, akisogeza kiti mbele na nyuma na kurekebisha vioo, anajitazama humo na kutabasamu peke yake. Mimi nilikuwa kando yake, nikikariri.

Jumapili tuliondoka jua likiwa limeshachomoza vizuri. Pikapu ya kaka ilikuwa imetangulia. Kwenye mitaa ya chini wifi aliendesha kwa upole kiasi kwamba mama mmoja aliyebeba kikapu alitupita, akageuka kututazama kwa huruma.

"Joto la oili sitini na mbili," nilisoma. "Presha ya oili tatu na nusu. Maji sabini na tano. Presha ya tabo sifuri. Joto la ekzosi mia nne na thelathini. Joto la hewa thelathini na moja. Joto la oili sitini na tatu. Presha ya oili tatu na nusu. Maji sabini na—"

"Wifi."

"Naam."

"Unanisomea risala ya mgeni rasmi. Pumua."

"Uliniambia nisome."

"Nilikuambia usome, sikukuambia utangaze mpira. Kilichopo nakijua. Niambie kinachobadilika."

Nikanyamaza, nimenuna kidogo. Joto la oili lilipofika themanini na tano nikamjulisha kwa sauti ya mtu aliyekosewa heshima. Wifi alinipigapiga goti, akashusha gia, na barabara ya mlimani ikaanza.

Sikuwahi kumwona hivi. Kwenye basi yeye huketi wima, mikono imetulia, uso umefungwa kama mlango wa ofisi siku ya sikukuu. Sasa mikono ilikuwa imetulia vile vile, lakini uso ulikuwa umefunguka wote. Injini ilivuta pumzi ndefu, tabo ikatoa ule mvumo wake kama upepo unaopita kwenye chupa, na mimi nikabanwa kwenye kiti. Aliingia kona taratibu na kutoka kwa nguvu, akiwa mnyamavu kabisa. Sikuwa na shaka kwamba kiti kile kilikuwa chake kwa haki. Nilikuwa naona haki ikitendeka kwa macho yangu, nikasikia raha tele.

Kwenye mnyooko wa kwanza tabo ilifika moja nukta mbili, ekzosi mia nane na hewa arobaini. Nilimwambia, akaitikia, "Nimesikia." Kwenye mnyooko wa pili, nikiwa karibu kusema kwamba mambo ni yale yale, niliona kwamba hayakuwa yale yale. Tabo ilikuwa imeishia moja nukta moja. Ekzosi ilikuwa mia nane na thelathini. Hewa ilikuwa hamsini.

Nilitazama tepe nyekundu. Hakuna mshale uliokuwa umeukaribia wake.

Hapo nilifanya hesabu ambayo sijivunii. Kilele hakikuwa mbali. Kila geji ilikuwa ndani ya mpaka aliouweka kaka mwenyewe, na mtu hahukumiwi kwa kosa ambalo sheria haikulitaja. Nikisema, wifi angesimama, akisimama, tungechelewa, tukichelewa, kaka angesema injini ilisumbua, na usukani ungekwenda zake. Kona moja nzima nilikaa na hesabu ile mdomoni. Tukatoka kwenye kona, wifi akakanyaga. Tabo moja kamili. Ekzosi mia nane na sitini.

"Zinasogea," nilisema. "Hakuna iliyovuka, lakini zinasogea. Tabo inashuka na ekzosi inapanda. Na hewa ni ya moto, hamsini na nane."

Wifi alikuwa ameshaondoa mguu kabla sijafika kwenye hewa.

"Tabo imeshuka na mimi nimekanyaga vile vile?"

"Ndiyo. Gia ile ile."

"Zima hiyo feni ya dashibodi." Nilizima. Aliteremsha kioo, akakanyaga kidogo tu, akainamisha sikio. Ndani ya mvumo ule wa chupa sasa ulisikika mluzi mwembamba, kama wa mtu anayejizuia kuimba msibani. "Hewa inatoroka," alisema. "Inasukumwa, inatorokea njiani, na tabo maskini inajiua ili kulijaza pengo. Ungenyamaza mpaka utepe mwekundu, wifi yangu, tungeteremka kwa miguu."

Aliegesha mahali palipokuwa na changarawe na kuiacha injini ikiunguruma pole pole, kwa kuwa tabo iliyotoka kukimbia haizimwi ghafla. Oili lazima iendelee kupita na kuipoza. Alipoona mishale imeshuka ndipo akazima, akafungua boneti. Mpira mpya ulikuwa umechomoka nusu. Klipu yake ilikuwa imelegea hata niliizungusha kwa kidole. Na juu ya klipu ile, katikati ya nyota zote nyeupe, hapakuwa na doa.

Wifi alisimama akiitazama. "Nani alipita mkono wa pili?"

"Si wewe?"

"Mimi? Mimi safari hii ni dereva. Mkono wa pili ni wa anayesoma. Siku zote ni wa anayesoma, ili akae pale akijua nini kimekazwa. Hukuambiwa?"

"Nani angeniambia?"

"Kaka yako."

"Kaka angeniambiaje, na yeye anajua mkono wa pili ni wewe?"

Tulitazamana. Kisha wifi akaanza kucheka, akacheka hadi akashikilia boneti isimwangukie. Miaka yote hakuna klipu iliyowaponyoka, na siku waliyobadilishana viti, kazi moja ilibaki imesimama katikati ya viti viwili, haina mwenyewe, kila mmoja akidhani iko kwa mwingine.

Aliurudisha mpira mahali pake kwa kitambaa ili usimchome, akakaza klipu kwa bisibisi, akanipa bisibisi na mimi. "Mkono wa pili," alisema. Nikaongeza robo duara. Kichupa cha rangi kilikuwa nyumbani. Alipekua mkoba wake, akatoa rangi ya mdomo, nami nikaitia klipu ile doa jekundu lililoiva.

"Tukifika," nilisema wakati anafunga boneti, "tuliweke jambo hili wazi. Klipu aliifunga yeye. Kwa hiyo kisheria—"

"Hakuna kesi, wifi."

"Lakini sharti lake lilikuwa injini, na injini ni nzima. Hatuna wajibu wa kumweleza kila kitu."

Wifi alinitazama kwa upole, kama anavyomtazama mtoto anayedai hakumsukuma mwenzake. "Nikimficha, siku ya chama nitapanda na usukani mkononi na mluzi moyoni. Sitaki. Nautaka mzima." Akawasha gari. "Haya, nisomee."

Safari iliyobaki tabo ilisimama moja nukta mbili, ekzosi ikarudi mia nane, na wifi hakupunguza mwendo hata mahali ambapo mimi, kwa maoni yangu binafsi, ningepunguza.

Kaka alikuwa amesimama kileleni kando ya pikapu, mikono nyuma. Nilimwona anaitegea sikio injini kabla hajatutazama sisi. Wifi aliegesha, hakuzima. Tukashuka sote, injini ikiendelea kuunguruma na kujipoza, na ikawa lazima tuyazungumze yote tukiwa tumeizunguka kama watu wanaongoja chai ichemke.

"Mmechelewa," kaka alisema.

"Tulisimama," wifi akajibu, akamweleza: mpira, klipu, doa lisilokuwapo. Hakupamba wala hakupunguza. Uso wa kaka ulibadilika taratibu. Kwanza aliogopa, halafu nikaona anahesabu, anajirudisha Jumamosi jioni, anafuta mikono, anakwenda kuoga.

"Geji gani ilivuka?" aliniuliza.

"Hakuna."

"Hakuna hata moja?"

"Hata moja. Zilikuwa zinasogea tu."

Alimgeukia mkewe. "Hakuna iliyovuka, uko karibu kufika, unajua nimeweka sharti gani. Na ukaondoa mguu?"

"Msomaji alisema zinasogea," wifi alijibu. "Ulitaka nimbishie?"

Mishale ilipotulia kaka aliingiza mkono dirishani, akazima injini. Alifungua boneti, akainama, akaliona doa jekundu katikati ya meupe. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani ameumia, kumbe alikuwa anacheka.

"Basi?" wifi aliuliza. Aliuliza kwa sauti nyepesi, lakini nilimwona ameshika mlango kwa vidole vyote. "Usukani ni wangu, au si wangu?"

"Bado," kaka alisema.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na hoja tatu, zote nzito. Wifi alinishika mkono, kwa sababu alikuwa amekwisha kuona nisichokiona: kaka alikuwa ameichukua bisibisi. Alipita klipu moja baada ya nyingine, kuanzia kwenye tabo hadi kwenye injini, akaikaza kila moja kidogo, bila haraka, kama ambavyo wifi alifanya jioni zote zile. Alipomaliza alifunga boneti, akazunguka gari, akafungua mlango wa abiria. Hakuwahi kukikalia kiti kile. Magoti yaligonga geji, akatafuta kwa muda jinsi ya kukisogeza nyuma.

"Sasa," alisema, akafunga mkanda. "Siku ya chama nakusomea mimi. Acha nianze mazoezi."

Mimi nikapewa ufunguo wa pikapu, pamoja na onyo kuhusu klachi yake. Niliwafuata kwa nyuma, wakiteremka pole pole huku oili ikipata joto upya. Kwenye kona ya kwanza niliwaona vizuri kupitia kioo chao cha nyuma. Mdomo wa kaka ulikuwa ukienda bila kituo, kidole kikiruka kutoka geji hadi geji, na wifi, macho yake barabarani, alikuwa akitikisa kichwa na kucheka.